Valais: Bonde Lililoishi kwa Mapatano

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndivyo walivyonena wahenga wetu wa mwambao, nao walikuwa wanamaji waliojua walisemalo. Lakini je, msomaji mpenzi, mtu atarejea wapi ikiwa chombo chenyewe kimekwisha kuzama? Swali hilo si la mafumbo. Ndilo linalowakabili watu wapatao mia tatu wa kijiji cha Blatten, katika jimbo la Valais nchini Uswisi, tangu alasiri ya tarehe 28 Mei 2025.

Alasiri hiyo mlima uliwashukia. Juu ya kijiji palikuwa na mto wa barafu uitwao Birch. Mto wa barafu si mto wa maji. Ni barafu ya miaka na miaka iliyorundikana mlimani, nzito kiasi cha kujisukuma yenyewe kuteremka polepole, pengine hatua chache tu kwa mwaka. Kwa siku kadhaa kilele kilicho juu yake kilikuwa kikimeguka, na mawe yakawa yanarundikana juu ya barafu hiyo mpaka ikaelemewa. Ilipokatika, iliporomoka na mamilioni ya mita za ujazo za mawe, barafu na tope. Kiasi cha sehemu tisa katika kumi za kijiji zilifukiwa. Mto Lonza upitao bondeni ukazibwa, likazuka ziwa, na nyumba chache zilizoachwa na mawe zikaingia maji. Mtu mmoja, aliyekuwa nje ya eneo lililokatazwa, alipoteza maisha yake.

Mtu mmoja tu! Lau kama si tahadhari, leo tungekuwa tunahesabu mamia. Wataalamu walikuwa wakiutazama mlima kwa vyombo vyao, na siku tisa kabla ya maafa wakaamuru kijiji kizima kihame. Watu walihama, na mifugo ikahamishwa. Ng'ombe mmoja aliyeumia alionekana akining'inia hewani chini ya helikopta, akipelekwa mahali pa usalama.

Sasa yaliyobaki ni mabishano. Wenyeji na viongozi wao wanasema watajenga upya na kurejea kufikia mwisho wa mwongo huu. Wako Waswisi wengine, hasa wa miji ya tambarare, wanaouliza kama ni busara kumwaga mamilioni ya fedha kwa ajili ya watu mia tatu chini ya mlima usioaminika. Nionavyo mimi, mabishano hayo hayawezi kupimwa kwa haki mpaka mtu aijue Valais ni nchi gani na watu wake ni watu wa namna gani. Kwa hivyo nakuomba msomaji tufuatane.

NCHI YENYEWE

Valais ni bonde refu la mto Rhône. Mto huu huanzia katika barafu upande wa mashariki, hukata katikati ya milima ya Alps mpaka ziwa la Geneva, kisha huingia Ufaransa na kumwagika katika bahari ya Mediterania. Kulia na kushoto kwake yamechimbika mabonde madogo madogo, na kila bonde lina vijiji vyake, desturi zake na lafudhi yake. Lötschental, ambamo Blatten imo, ni mojawapo. Huko, siku za baridi kali kabla ya Kwaresima, vijana huvaa ngozi za kondoo na vinyago vya mbao vya kutisha, wakazunguka vijijini kuwatia watu hofu na kicheko.

Upande wa magharibi wa jimbo watu husema Kifaransa, na upande wa mashariki Kijerumani cha milimani ambacho Mjerumani wa Berlin hakifahamu ila kwa taabu. Karibu wote asili yao ni Wakatoliki. Askofu wa mji wa Sion alipewa utawala wa nchi hiyo mwaka 999, akawa mshika msalaba na mshika upanga kwa pamoja, hata wakulima wa vijijini wakajikusanya katika wilaya saba na kumpunguzia mamlaka karne baada ya karne. Napoleon aliwavukisha askari wake wapatao 40,000 katika njia ya mlima ya Saint-Bernard mwezi wa Mei mwaka 1800, na mwaka 1810 akaitia nchi hiyo mfukoni, ikawa mkoa wa Ufaransa. Alipoanguka, Valais ikajiunga na Uswisi mwaka 1815.

Msomaji wa pwani akisikia Alps hudhani ni nchi ya maji tele. La hasha! Milima mirefu huzuia mawingu pande zote mbili, na sehemu za katikati ya bonde hilo hupata mvua haba, kama milimita 600 tu kwa mwaka. Mombasa hupata zaidi. Kumbe nchi iliyozungukwa na barafu ilikuwa ikifa kiu, na kutokana na kiu hiyo ikazaliwa tabia ya watu wake.

WAISLAMU KATIKA NJIA ZA MLIMANI

Kabla ya kufika kwenye maji, kuna ukurasa mmoja wa historia ambao wasomaji wa huku kwetu huenda hawakupata kuusikia.

Mwishoni mwa karne ya 9, Waislamu kutoka Andalusia walitua pwani ya kusini ya nchi ambayo leo ni Ufaransa, wakajenga ngome mahali palipoitwa Fraxinetum. Wataalamu wengi huona kwamba hapo ndipo alipopataja mwanajiografia Ibn Hawqal kwa jina la Jabal al-Qilal. Kutoka hapo walipanda mpaka Alps. Karibu na mwaka 940 waliivamia monasteri ya Saint-Maurice huko Valais. Mwaka 942 Hugo, mfalme wa Italia, badala ya kuwafukuza, akapatana nao wamlindie njia za milimani dhidi ya hasimu wake Berengar. Basi kwa miaka kadhaa msafiri wa kwenda Roma alikuwa hapiti ila kwa idhini yao, na mara nyingi kwa malipo.

Mwaka 972 walimkamata mtu mkubwa mno, Majolus, mkuu wa monasteri ya Cluny, alipokuwa akirejea kutoka Roma. Aliachiliwa kwa fidia ya ratili elfu moja za fedha. Mtawa Rodulfus Glaber, aliyeandika karne iliyofuata, anasimulia kwamba mateka huyo hakuweza kula nyama waliyompa. Hapo mmoja wao akakunja mikono ya nguo, akanawa, akamkandia unga juu ya ngao yake na kumwokea mkate, akampa kwa heshima. Anasimulia pia kwamba mwingine alipokanyaga kitabu cha Biblia, wenzake walimkemea, kwa kuwa si adabu kuyadharau maneno ya mitume.

Sitaji haya ili tujigambe. Uvamizi ni uvamizi na fidia ni fidia, na kutekwa kwa mtawa huyo ndiko kulikowaunganisha watawala wa Provence wakaivunja ngome ya Fraxinetum muda mfupi baadaye. Nataja kwa sababu simulizi hiyo iliandikwa na mtawa asiyekuwa na sababu ya kuwasifu, na bado hakuweza kuuficha ule mkate. Wako pia waliodai kwamba majina ya milima kadhaa ya Valais, kama Allalin, yana asili ya Kiarabu. Wajuzi wengi wa lugha hawakuridhika na dai hilo. Lakini jina la Allalin ulishike, msomaji, maana tutalikuta tena mahali pa huzuni.

ZAMU YA MAJI NA HESABU YA NG'OMBE

Turudi kwenye kiu. Watu wa Valais walifanya nini? Walichonga mifereji. Walipanda mpaka karibu na barafu, wakayachukua maji yanayoyeyuka, wakayaongoza kando ya majabali kwa mitaro ya udongo na, palipokuwa na genge tupu, kwa mabirika ya mbao yaliyoning'inizwa juu ya shimo. Wasemao Kifaransa huiita mifereji hiyo bisses, na wasemao Kijerumani huiita Suonen. Mingine ina umri wa zaidi ya miaka 500. Katika mingine waliweka gurudumu dogo linalozungushwa na maji na kupiga nyundo juu ya ubao. Mlinzi akisikia mlio, analala, na mlio ukikoma, anajua kwamba mfereji umebomoka.

Lakini kuchimba mfereji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kugawana bila kuuana. Kila mwenye haki alipewa zamu ya saa zake, na haki hizo zilichongwa alama juu ya vijiti vya mbao, kila ukoo na alama yake. Kila mwaka watu walikwenda kuufagia na kuutengeneza mfereji kwa pamoja.

Msomaji mwenye jamaa Oman amekwisha kuona ninaelekea wapi. Huu ndio mtindo wa falaj! Kule Nizwa na vijijini mwake maji hugawanywa kwa muda, zamani yakipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na kila mtu anajua zamu yake. Hapana ushahidi ninaoujua kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Ni haja moja iliyozaa hekima moja katika milima miwili iliyo mbali. UNESCO iliitia aflaj ya Oman katika urithi wa dunia mwaka 2006, na mwaka 2023 ikautambua ujuzi wa umwagiliaji wa jadi wa Uswisi na wa nchi jirani za Ulaya.

Kuna kijiji kingine cha Valais kiitwacho Törbel. Wanakijiji waliandika mapatano ya malisho mwaka 1483, na mwaka 1517 wakaweka kanuni ambayo nadhani ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila bunge: mtu asipeleke malisho ya kiangazi ng'ombe wengi kuliko wale awezao kuwalisha wakati wa baridi. Kila mtu huweza kujifanya tajiri kiangazi, majani yakiwa bwerere. Kipimo cha kweli ni nyasi kavu ulizoziweka ghalani kwa miezi ya theluji. Kwa kanuni hiyo, malisho ya Törbel yalidumu karne nyingi bila kuharibika. Mtaalamu wa Kimarekani Robert Netting aliandika kitabu kizima juu ya kijiji hicho mwaka 1981, na Bi Elinor Ostrom akakitumia kama mfano katika kazi iliyompatia tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009.

Wala tusiwafanye malaika. Mapatano yale yale ya 1483 yalimnyima haki ya malisho mgeni yeyote aliyenunua ardhi Törbel. Mapatano yana mlango, na mlango una ndani na nje.

WALIOKUWA NJE YA MLANGO

Hapa ndipo jina la Allalin linaporudi. Baada ya vita vikuu vya pili Uswisi ilihitaji umeme, na Valais ikawa nchi ya mabwawa. Bwawa la Grande Dixence, lenye ukuta wa urefu wa mita 285 kwenda juu, lilimalizika kujengwa mwaka 1961. Vibarua wengi wa kazi hizo walikuwa wageni, hasa Waitaliano maskini. Katika ujenzi wa bwawa la Mattmark, vibanda vya wafanyakazi na karakana ziliwekwa chini kabisa ya mto wa barafu wa Allalin. Tarehe 30 Agosti 1965 ulimi wa barafu hiyo ukakatika. Watu 88 walikufa, na 56 kati yao walikuwa Waitaliano.

Watu 17 walishitakiwa. Mwaka 1972 wote waliachiliwa, na jamaa za marehemu waliokata rufani wakaamriwa kulipa nusu ya gharama za kesi. Msomaji asome tena sentensi hiyo.

Yaweke maafa haya mawili pamoja. Mwaka 1965 watu waliwekwa chini ya barafu, hawakuonywa, wakafa 88. Mwaka 2025 hata ng'ombe aliondolewa kwa helikopta. Hapana shaka kwamba elimu imeongezeka katika miaka 60, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tofauti si ya elimu peke yake. Wa Blatten walikuwa wenyeji, wenye sauti, wenye kura. Wa Mattmark walikuwa nje ya mlango. Tahadhari kabla ya hatari, tunasema. Ila tumesahau kuuliza ni nani anayehesabiwa kuwa astahili kutahadharishwa.

SALA ILIYOGEUZWA

Mto wa barafu mkubwa kuliko yote ya Alps ni Aletsch, nao uko Valais, una urefu wa kilomita ishirini hivi. Zamani ulikuwa ukikua, ukitishia malisho na kumwaga mafuriko. Mwaka 1678 watu wa kijiji cha Fiesch waliweka nadhiri mbele ya Mungu kwamba wataishi kwa uchaji na kusali ili barafu isizidi. Walisali karne tatu na zaidi. Barafu ikarudi nyuma, ikazidi kurudi, ikapoteza zaidi ya kilomita tatu tangu katikati ya karne ya 19. Mwaka 2009 wakapeleka maombi Roma waruhusiwe kuigeuza sala yao, waombe sasa barafu isipungue. Roma ikaridhia.

Sisi ambao hutoka na wazee, watoto na mifugo kuswali swala ya kuomba mvua hatuwezi kulicheka jambo hilo. Tunalifahamu. Lakini tunafahamu vilevile kwamba dua huendana na kujirekebisha, na hapo ndipo penye uzito. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya barafu yake yote. Sababu kubwa ni joto la dunia linaloletwa na moshi wa makaa na mafuta. Haiwezekani kuthibitisha kwamba kila jiwe lililoanguka Blatten liliangushwa na joto hilo, kwani milima imemeguka tangu zamani. Lakini wataalamu wanaeleza kwamba barafu iliyomo ndani ya nyufa za miamba ndiyo inayoishikilia milima mirefu kama gundi, na gundi hiyo inayeyuka.

WAREJEE AU WASIREJEE?

Wanaosema wasirejee wana hoja nzito. Fedha za umma zina mwisho, na mlima uliomeguka mara moja huweza kumeguka tena. Isitoshe, Blatten haitakuwa ya mwisho, na taifa haliwezi kukijenga upya kila kijiji.

Lakini hesabu yao ina upungufu. Wanahesabu nyumba, hawahesabu mapatano. Kijiji cha milimani ni zamu ya maji, ni tanuri la pamoja la mikate, ni mtu anayejua theluji ya upande fulani huanguka lini. Ukiwatawanya watu hao katika vyumba vya kupanga mjini, huwahamishi, unawafuta. Na mabonde yakibaki matupu nani atatunza malisho, misitu na mifereji inayowakinga wale wale watu wa tambarare?

Kwa hivyo rai yangu ni kwamba warejee, lakini warejee kwa kanuni ya Törbel. Wajenge pale tu ambapo wataalamu wameridhika kwamba ni salama, na wasizidi kiasi ambacho ardhi hiyo salama yaweza kukibeba. Hilo si jambo jepesi kwa Valais. Mwaka 2012 Waswisi walipopiga kura kuzuia nyumba za mapumziko zisizidi sehemu moja kwa tano katika kila wilaya ndogo, watu wa Valais karibu watatu katika kila wanne walikataa, kwa kuwa ujenzi na utalii ndio riziki yao. Taifa likawashinda kwa kura chache. Kujenga upya kwa ajili ya wenyeji ni haki. Kujenga upya kwa ajili ya wageni wa majuma mawili ya kuteleza juu ya theluji ni kupeleka malishoni ng'ombe usioweza kuwalisha wakati wa baridi.

NA SISI JE?

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, hapa hapa nyuma ya Mombasa, akaenda mpaka akakiona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Mwongozi wake aliuita weupe ule baridi tu. Alipoandika kwamba ni theluji, wajuzi wa London walimpinga: theluji karibu na ikweta! Leo theluji hiyo inakwisha mbele ya macho yetu, na barafu ya Lewis juu ya Mlima Kenya ilipoteza kiasi cha tisa ya kumi ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ni kweli kwamba mto Tana hunyweshwa na mvua na misitu zaidi kuliko barafu, hivyo si haki kutiana hofu kwamba utakauka kesho. Lakini kisa cha Alps na cha milima yetu ni kimoja.

Tofauti ni vyombo vya kutazamia. Tarehe 7 Februari 2021 mwamba na barafu viliporomoka katika wilaya ya Chamoli, India, na watu zaidi ya 200 wakafa au kupotea, wengi wao vibarua wa mabwawa ya umeme. Mwaka uliofuata Pakistan ilizama katika mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 1,700. Hawa hawakutiliwa moshi mwingi katika hesabu ya dunia, wala hawakuletewa helikopta kabla ya saa ya maafa. Ni Mattmark nyingine, kubwa zaidi.

Watu wa Valais walijua kuigawa saa moja ya maji kwa haki, na walijua kumzuia tajiri asile malisho ya wenzake. Waliyaweza hayo kwa sababu waliketi pamoja na kila mmoja alimjua mwenzake. Moshi unaoyeyusha barafu yao umetoka kwa watu wasiowajua, mimi na wewe tukiwa na sehemu yetu ndogo na mataifa tajiri, Uswisi ikiwamo, yakiwa na sehemu yao kubwa. Dunia nzima imepeleka ng'ombe wake malishoni bila kuhesabu nyasi za ghalani. Kijiji cha wakulima wasiosoma kiliweka kanuni juu ya jambo hilo mwaka 1517. Mataifa yenye vyuo vikuu na setilaiti bado yanabishana nani aanze kupunguza.